Kukunja Matangi ya Kyeni

Stima ilipotea Mbithi akiwa ndiyo tu amemaliza kusajili tangi la mwisho. Feni ndogo ya duka ikazunguka pole, ikasimama. Githaiga, mwenye duka, akasonya kule mbele kwenye kaunta. Mbithi hakusonya. Alibaki ameketi juu ya kreti ya soda huko nyuma, kati ya mabati na magunia ya simiti, kompyuta mapajani, akasema polepole kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Haya sasa. Tuone."

Alikuwa mzee aliyezoea kungoja. Alishawahi kungoja treni Voi mchana kutwa, akangoja mshahara wa kiwanda cha sukari kilichofungwa milango, akangoja mke aliyesema anaenda kumwona mamake mara moja. Lakini kungoja huku kulimkaza shingo, kwa sababu kilichokuwa kinajaribiwa ni kitu chake.

Juu ya rafu, karibu na makopo ya rangi, kulikuwa na kikompyuta kidogo kisichoshinda kipande cha sabuni ya kufulia, chenye betri ya kukipa pumzi moja tu ya mwisho stima ikipotea. Ndani yake mlikuwa na kikundi kizima cha wanawake cha Kyeni: kila nyumba na tangi lake, kila tangi na kiasi cha maji yake. Matangi yalikuwa yametapakaa vijijini kuizunguka Tawa, kila moja na kipimo kinachotuma habari kwa redio hadi hapo dukani. Kutoka hapo habari zilipanda kwa redio nyingine hadi Kikima, kule juu milimani, ambako mwenye lori la maji alizisoma akajua nani amekaukiwa.

Shida ya kompyuta ni kwamba kilicho kwenye kumbukumbu yake ni kama kilicho kichwani mwa mtu. Stima ikienda, kinaenda. Kwa hivyo lazima pawe na namna ya kukunja vitu vyote, nyumba na tangi na jinsi vinavyoshikana, viwe mstari mmoja mrefu wa namba unaoweza kulazwa kwenye kadi au kupitishwa redioni. Halafu stima ikirudi, mstari ukunjuliwe, na kila kitu kisimame tena pale kilipokuwa kimesimama. Kazi hiyo ya kukunja na kukunjua ndiyo iliyokuwa ya Mbithi. Maktaba aliyoiandika aliiita Kunja. Ilikuwa maktaba ya lugha ya kompyuta inayoitwa Uta, na Uta ilikuwa ya Muthoki.

Muthoki alikuwa mwalimu wa chuo kimoja Kitui mjini, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba kupitishiwa chumvi. Uta aliitunga mwenyewe kwa sababu lugha kubwa za kompyuta haziingii kwenye vikompyuta vidogo vya aina ile. Mbithi alifika chuoni kutengeneza jenereta, akaona michoro ubaoni, akauliza swali, akauliza la pili, jenereta ikasahaulika. Shule yake ilikuwa ya vipande vipande: miaka michache Mutomo, kozi ya redio iliyokuja kwa posta, cheti cha umeme alichokiacha katikati Mombasa, na programu alizofundishwa na mhandisi mmoja Mhindi kule kiwandani, wakati wa mapumziko ya chai. Lakini alijua kuuliza.

Walijenga Kunja pamoja, wakibishana juu ya sahani za ndengu kwenye veranda ya chuo. Mwanzo ilikuwa inajizungusha hadi inaanguka: nyumba inataja kikundi, kikundi kinataja nyumba, nyumba inataja kikundi, haina mwisho. Wakaliziba hilo. Halafu wakaona kuna vitu havikunjiki, kama redio iliyo katikati ya kuongea. Huwezi kumkunja mtu na neno mdomoni. Hivyo wakakubaliana viachwe nje, vianzishwe upya. Kilichobaki kikawa ukubwa. Redio ya kwenda Kikima ilikuwa kama mtu mwenye pumu, neno moja halafu anapumua. Kikundi kizima hakikutoshea kwenye pumzi moja.

Hapo ndipo Mbithi alipofanya lile jambo lililomfanya Muthoki apige makofi. Kabla ya kukunja kitu, Kunja ingetazama nyuma: je, nimeshakunja kitu chenye habari hizi hizi? Kama ndiyo, isikiandike tena, itaje tu kile cha kwanza. Walijaribu kwa mbuzi waliowabuni wenyewe, kila mmoja na uzito wake na rangi yake na jina la kuchekesha. Mbuzi wote walikunjwa, wakakunjuliwa, wakatoka wazima. Na mstari ukawa mfupi, ukaingia kwenye pumzi moja ya redio.

"Kama Kyeni wakiipenda," Muthoki alimwambia siku ile, "Uta itakuwa na watu wa kuitumia. Wakiikataa, ni mimi na wewe tu, mzee. Na lugha ya watu wawili ni uvumi."

Mbithi naye alikuwa na lake, ingawa hakulisema sana. Alikuwa ameanza mambo mengi katika maisha haya, pampu, redio za kijiji, kinu cha kusaga kwa jua, na yote aliyaacha yakiwa yanatembea kwa waya mmoja wa kufungia. Alitaka Kunja iwe kitu kimoja alichokimaliza. Kimoja tu. Halafu arudi kwa dadake Mutomo, avue viatu, asiulizwe.

Stima ikarudi. Feni ikaanza tena. Kwenye kioo cha kompyuta nyumba zikasimama moja baada ya nyingine, kila moja na mwenyewe, kila moja na tangi lililojaa.

"Imeamka?" Githaiga akapaza sauti kutoka mbele.

"Imeamka."

"Basi wewe ni daktari. Mimi friji yangu stima ikipotea hivi haiamki hivyo."

Mbithi alimpigia Muthoki simu, akamwambia imekwisha. Alisema hivyo, imekwisha, na akasikia kitu kikilegea mabegani.

*

Wiki ikapita, jua likiwaka. Mbithi alikuwa amebaki Tawa kuiangalia kidogo tu, alivyosema, akilala kwenye chumba cha Githaiga cha kuwekea milango. Asubuhi moja akasikia sauti ya mwanamke mbele ya duka.

"Githaiga, yule mzee wa kompyuta yuko?"

"Yuko huko nyuma, anaiatamia."

Mwanamke aliyeingia alikuwa Nzilani, mmoja wa Kyeni, wa kutoka upande wa chini kule kwenye mchanga. Alikuwa na mtungi wa manjano mkononi, mtupu, aliutikisa kama kengele.

"Mzee, hiyo kitu yako inasema mimi niko na maji?"

Mbithi akatazama. "Robo tatu ya tangi, mama."

"Robo tatu! Kuja ukunywe basi. Nimegonga tangi leo, inalia kama ngoma ya kwaya. Na lori imepita kwa barabara, imeenda zake, dereva anasema kwa simu yake sisi wote tumeshiba."

Mbithi akashuka kwenye orodha ya nyumba. Nzilani, robo tatu. Jirani yake, robo tatu. Akashuka hadi chini. Wote robo tatu, hakuna aliyezidi, hakuna aliyepungua. Akahisi lile jambo lililolegea mabegani likikaza tena, safari hii hadi kwenye taya.

Kabla hajasema neno, Mutanu naye akafika. Mutanu alikuwa mwenyekiti wa Kyeni, mama wa makamo, mnene, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua, na huwa hapandishi sauti. Ndiyo maana watu walimwogopa.

"Umesikia wanavyosema?" akamuuliza Mbithi. "Wanasema tangi yangu ndiyo imebaki robo tatu, kwa sababu mimi nabania maji, na kompyuta inahesabu yangu peke yake. Wanasema nilikupikia kuku."

"Hukunipikia kuku, mama."

"Najua sikukupikia. Sasa nimechukiwa bure, bila hata kuku kuliwa." Akaketi juu ya gunia la simiti, nalo likatoa vumbi. "Jumamosi tunakaa. Nikikosa cha kuwaambia, hiyo kitu inatoka kwa rafu. Tutarudi kupigiana simu kama zamani. Mimi sitaki kugombana na wanawake wa kanisa langu juu ya kitu ya ukubwa wa sabuni."

Nzilani akasema, "Na mimi ndio nitaitoa."

*

Muthoki alifika kutoka Kitui kesho yake, macho mekundu kwa vumbi, hakuomba chai. Walikagua vipimo, vizima. Walikagua redio, nzima. Mwisho wakagawana: Muthoki abaki dukani akitazama kioo, Mbithi aende kwa Mutanu, afungue maji, waone.

Nyumba ya Mutanu ilikuwa ya mwisho kabisa, kilima cha pili kutoka sokoni. Mbithi alipanda akisimama mara kwa mara, akijifanya anatazama mashamba. Mashamba hayakuwa na kitu cha kutazamwa. Yalikuwa yamelimwa makavu, yanangoja mvua. Tangi lilikuwa jeusi, juu ya msingi wa mawe. Akafungua bomba, akajaza mtungi, akaumwagia ng'ombe kwenye karai, akajaza mwingine.

"Hiyo ni utafiti ama ni ufujaji?" Mutanu akauliza, mikono kiunoni.

"Vyote viwili, mama." Akabonyeza kitufe cha kipimo ili kitume habari papo hapo, akaweka simu sikioni.

"Mzee!" Muthoki alikuwa anapiga kelele. "Funga! Umefungua wapi?"

"Kwa Mutanu tu."

"Basi Tawa nzima inakauka. Nyumba zote zimeshuka pamoja, sawasawa. Umemnywea kila mtu."

Mbithi akafunga bomba. Akaketi juu ya lile jiwe la msingi, katika kivuli chembamba cha tangi. Jibu lilikuwa limekwisha kufika, na alikuwa analiacha likae mlangoni kidogo kabla hajalikaribisha.

"Mama," akasema, "haya matangi yenu. Hakuna tofauti kati ya hili na la Nzilani?"

"Hakuna."

"Hata kidogo? Rangi, ukubwa, mwaka?"

"Mzee, kikundi chetu cha kwanza kilivunjika kwa sababu ya sufuria." Mutanu akajisogeza kivulini, akaketi naye. "Kila mwezi tulikuwa tunanunulia mmoja sufuria. Huyu akapata ya mfuniko wa kioo, yule akapata ya mfuniko wa bati. Wewe unacheka. Kuna watu hawajasalimiana tangu hapo, na wanaimba sauti moja kanisani. Tulipoanza Kyeni tukasema, hakuna mtu atapata tangi mpaka yote yafike. Rangi moja, saizi moja, kutoka kwa Githaiga siku moja. Lori ikaja ikajaza yote siku moja. Na tulipima na kijiti, kila tangi, mpaka ule mstari wa juu. Aliyezidisha alimwaga."

"Alimwaga maji? Wakati wa jua?"

"Alimwaga. Mbele ya wote. Mimi ndiye niliyezidishiwa."

"Na jina? Tangi halina jina la mwenyewe?"

"Jina ni la nyumba. Tangi ni la kikundi. Mtu akihama, nyumba inaenda na jina lake, tangi linabaki."

Mbithi akafumba macho. Aliona sasa siku ile yote. Matangi yalikuwa yamejazwa hadi mstari mmoja, akayasajili yakiwa hivyo, na stima ikapotea akiwa ndiyo tu amemaliza. Kunja ikatazama nyuma kama alivyoifundisha. Nyumba zilikuwa na majina, kwa hivyo ilizikunja moja moja. Ilipofika kwenye matangi, iliona la kwanza, ikalikunja. Ikaona la pili, halina tofauti na la kwanza hata ya tone, ikasema hili nimeshalikunja. Ikafanya hivyo hadi mwisho. Stima iliporudi, nyumba zote za Kyeni zikasimama, zote zimeshika tangi moja. Kutoka hapo kila asubuhi vipimo vilikuja kwa zamu, kila kimoja kikiandikwa juu ya kilichotangulia, na cha Mutanu kilikuwa cha mwisho kufika.

Wangejaribu kwa mbuzi hadi mvua inyeshe, wasingeona. Mtu akibuni mbuzi, hawezi kubuni wawili wanaofanana kabisa, anaona uvivu. Ni wanawake wa Kyeni tu waliokaa chini wakahakikisha, kwa kijiti, kwamba hakuna tofauti.

"Kosa ni langu," akamwambia Mutanu. "Si lako, si la kuku."

"Nani atawaambia?"

"Mimi."

"Vizuri," akasema Mutanu. "Lakini ukiwaambia tu bila kutengeneza, hawatasikia."

*

Dukani Muthoki alikuwa ameshaelewa, amechora ubavuni mwa boksi la misumari: nyumba nyingi, mishale mingi, tangi moja. Aliposikia habari ya kijiti alicheka hadi akafuta macho, halafu akaacha kucheka kwa ghafla.

"Ni rahisi," akasema. "Kila tangi lipewe namba. Yakitofautiana hata kwa namba tu, Kunja haitayachanganya."

Mutanu, aliyekuwa amemsindikiza Mbithi kushuka, akauliza, "Namba? Nani atakuwa namba moja?"

"Hakuna atakayeiona, mwaitu," Muthoki akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Itakuwa ndani."

"Mimi nitajua iko. Na Nzilani ataniuliza, na mimi sisemi uongo." Akajifunga shuka vizuri. "Hapana. Tafuteni ingine." Akaenda zake, maana alikuwa na maharagwe jikoni.

Muthoki alingoja hadi kofia ya sufu ipotee nyuma ya duka la dawa. Halafu akamwinamia Mbithi.

"Mzee, tunaweza kuiweka tu. Haitaonekana popote. Leo hii utamaliza, Jumamosi itapita, mimi natoa toleo la kwanza la Uta, na wewe unaenda kwa dadako. Ujanja wako unabaki, mstari unabaki mfupi. Ukiutoa huo ujanja, mstari utakuwa mrefu mara tatu na redio haitaubeba."

Namba ile ilikuwa kazi ya dakika za kunywa chai. Mgongo wake ulikuwa unaitaka. Aliona Mutomo, kiti cha dadake cha kamba, viatu chini. Aliona pia, bila kutaka, pampu moja aliyoiacha Taveta ikitembea kwa waya wa kufungia, na jinsi alivyoondoka asubuhi na mapema ili asiulizwe.

"Na yule mwingine?" akauliza hatimaye.

"Yupi?"

"Atakayetumia Uta baada ya Kyeni. Tuseme mfuga kuku. Ana vifaranga mia vya siku moja, uzito mmoja, rangi moja. Stima inapotea, inarudi, ana kifaranga mmoja. Akifa huyo, wote wamekufa."

"Tutaandika kwenye maelezo: vipe vitu vyako namba."

"Nani anasoma maelezo?"

Muthoki akaitazama simu yake mkononi. Yeye mwenyewe aliitumia mwaka mzima bila kujua ina tochi.

"Nimeifundisha kutazama sura," Mbithi akasema. "Hilo ndilo kosa, na namba hailiondoi, inalipaka rangi. Lazima iulize kama ni kile chenyewe. Kila kitu kina mahali pake kwenye kumbukumbu, na viwili havikai mahali pamoja. Itazame mahali."

"Najua hivyo. Hata wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wanajua hivyo. Nilikupigia makofi kwa sababu ya redio, nikasahau kuuliza." Akakuna kichwa. "Na redio, je?"

"Tutakatakata mstari. Vipande. Kila kipande kiende, Kikima iseme nimepokea, ndipo kingine kifuate. Itakuwa pole."

"Itakuwa pole sana. Na Jumamosi ni kesho kutwa, mzee. Na wewe umechoka, nakuona."

"Nimechoka," Mbithi akakubali. "Lakini hata nikiweka namba, nitaamka nimechoka."

Basi akautoa. Aliyetazama kutoka nje asingeona kitu: mzee juu ya kreti, miwani imeshuka puani, anafuta mistari michache. Alipofuta ile aliyopigiwa makofi alikaa kidogo, mikono magotini. Halafu akaanza kuandika ile mingine, ya kawaida, isiyochekesha wala kushangaza mtu, ambayo mhandisi yule Mhindi angeiandika kabla chai haijapoa. Ya kukata vipande ndiyo iliyomtesa. Vipande vilifika Kikima vimepishana, cha tatu mbele ya cha pili. Vingine vilipotea mlimani kama mbuzi. Muthoki alikuwa anazungumza kwa simu na mwenye lori huko juu, "Umepata? Hujapata? Sasa?" hadi yule mtu akasema ana kazi nyingine pia duniani.

Githaiga akaleta chai kwenye vikombe vya bati. "Wewe mzee unabomoa nini tena? Si juzi ulisema imekwisha?"

"Ilikuwa imekwisha vibaya."

"Ah. Kama nyumba yangu ya kwanza," Githaiga akasema, akarudi kwenye misumari yake.

*

Jumamosi wanawake wa Kyeni wakaketi nyuma ya duka, wengine juu ya mabati, wengine juu ya viti walivyokuja navyo. Wakaomba kwanza, ombi refu, ndani yake mkiwa na mvua na wagonjwa na watu wanaosengenya. Kisha Mutanu akasema, "Mzee ana neno."

Mbithi akasimama. Aliwaambia kwa maneno machache. Mashine aliifundisha kwamba vitu vinavyofanana ni kitu kimoja, na wao wakaja na matangi yanayofanana kuliko vitu vyote alivyoviona maishani, kwa hivyo ikawapa tangi moja. Mutanu hakuwa na mkono ndani yake.

"Na kuku?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Hakukuwa na kuku. Nimekonda hivi, kuku ingeonekana wapi?"

Wakacheka, lakini kidogo, wakingoja. Nzilani hakucheka.

"Onyesha," akasema.

Githaiga akaenda kwenye ukuta, akazima swichi kubwa. Feni ikasimama. Kikompyuta kikatumia ile pumzi ya mwisho ya betri yake kukunja, taa yake ndogo ikazimika. Githaiga akahesabu kimoyomoyo, akawasha. Muthoki alikuwa ameielekeza kompyuta yake kwao ili waone.

Nyumba zikaanza kutokea. Moja. Kimya. Nyingine. Mtu akakohoa. Nyingine.

"Hii ni kompyuta ama ni ng'ombe anapanda milima ya Mbooni?" mama mmoja akasema.

"Ngoja, Kalunde. Wewe hata kuolewa ulichelewa," mwingine akamjibu.

Kila nyumba ilikuja na maji yake. Ya Kalunde nusu. Ya Mutanu chini ya nusu, kwa sababu ya ng'ombe aliyenyweshwa na utafiti. Ya Nzilani ikaja karibu na mwisho, na mbele yake palikuwa na sifuri. Nzilani akasogea, akaitazama ile sifuri kwa muda.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Hiyo ndiyo yangu."

Simu ya Muthoki ikalia. Ni mwenye lori, Kikima. Muthoki akaweka sauti nje, na yule mtu akasema amepata, ilichukua muda lakini amepata, sasa huyu Nzilani anakaa wapi, na hawa wengine watatu waliokauka.

Wanawake walijadiliana kwa Kikamba, haraka, wakikatizana. Mbithi alikuwa ameegemea magunia na kusikiliza, na kila alipofikiri wamekubali mtu alianza upya. Mwishowe Mutanu akainua mkono.

"Tumesema hivi. Kitu itabaki kwa rafu mpaka mvua. Kupigiana simu pia kutabaki, kwa sababu hatuna haraka ya kuamini. Mvua ikija na hatujagombana, tutaitumia peke yake." Akamgeukia Muthoki. "Wewe unaweza kwenda kusema una watu wa lugha yako. Wa majaribio."

Muthoki akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akacheka bila sauti.

"Lakini kuna jambo," Mutanu akaendelea. "Huyu mzee haendi. Mtu aliyejua kosa lilikuwa wapi ndiye atajua lingine litatokea wapi. Atakaa mpaka mvua."

Wote wakamtazama Mbithi. Muthoki naye akamtazama, kwa wasiwasi, kwa sababu yeye alijua historia yake. Mbithi alikuwa na sentensi tayari mdomoni. Ilisema kwamba Kunja sasa imekamilika, imeandikwa vizuri, haimhitaji mtu kuikalia. Ilikuwa sentensi ya kweli. Akajaribu kuitafutia pumzi. Macho yalikuwa yanamuuma, na wale wanawake walikuwa wanangoja kwa subira ileile waliyokuwa nayo walipoingoja kompyuta.

"Mvua inakuja lini?" akauliza.

"Muulize Mungu," Kalunde akasema. "Lakini huwa inachelewa."

Nzilani alikuwa tayari amesimama na mtungi wake. "Mzee, kabla lori haijafika kwangu, kuna kitu. Kile kipimo chako kimeingiwa na mchwa. Wamejenga hadi ndani ya waya."

Mbithi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Akamwomba Githaiga bisibisi na kopo la mafuta ya taa.

"Ni mbali?"

"Si mbali. Ni kushuka tu."

"Na kurudi?"

"Kurudi," Nzilani akasema, akianza kutembea, "tutaona."